Jinsi ya Kuizuru Monasteri ya Mfalme wa Ureno Bila Kuvuka Ruvuma

Pasipoti iache kabatini. Safari ninayoielekeza hapa ni ya Lisbon, kwenye monasteri ya Jerónimos, jengo ambalo Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno alilianzisha mwanzoni mwa karne ya 16 na ambalo hadi leo wageni wa mataifa yote hupanga foleni juani ili waingie. Sisi tutalizuru kwa kuanzia stendi ya Masasi, kwenda Ndanda, kurudi na kupanda Newala, kisha kila mtu akalale kwake. Jambo hili linawezekana. Mengi ya kumsaidia mtu alielewe jengo lile yako huku kusini tayari, na pambo lake la thamani kuliko yote lilifuliwa kwa dhahabu iliyotoka Kilwa.

Beba daftari na kalamu. Beba ming'oko iliyochemshwa, maana njiani njaa haina adabu. Beba chupa tupu ya maji, nayo itapata kazi yake Ndanda. Zaidi ya vyote, azima futi kamba kwa fundi seremala wa mtaani kwako. Bila futi kamba hatua ya kwanza haifanyiki.

Hatua hiyo ifanyie nyumbani kabla hujatoka. Simamisha futi kamba mezani, upime sentimita 73 kwenda juu, uweke alama ukutani. Huo ndio urefu wa monstransi ya Belém, lile pambo la dhahabu ya Kilwa. Belém ni mtaa wa Lisbon ilipo Jerónimos. Kwa msomaji asiye Mkatoliki, monstransi ni chombo ambamo Ekaristi huwekwa ili waumini waione na kuiabudu. Chini ya chombo hiki wamepiga magoti mitume kumi na wawili, kila mmoja na vazi lake la rangi. Juu yao ananing'inia njiwa, alama ya Roho Mtakatifu, na kileleni yuko Mungu Baba. Ubavuni zimesimama nguzo ndogo zilizotobolewatobolewa kwa ustadi, zimebeba vipaa vyembamba, kiasi kwamba chombo kizima ni kanisa dogo la dhahabu. Kwenye kitako kuna maandishi ya Kireno. Yanasema waziwazi kwamba mfalme Manuel ndiye aliyeamuru chombo kitengenezwe, kwamba dhahabu yake ni ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Rudia hapo. Jina la Kilwa limeandikwa kwenye chombo chenyewe. Hakuna haja ya mtafiti wa kuja kutuambia dhahabu ilitoka wapi.

Namna ilivyopatikana ni hivi. Julai 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani akiwa na kundi la merikebu zenye mizinga. Kilwa wakati huo ilikuwa chini ya Amiri Ibrahim. Da Gama alimtishia: ama akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi kila mwaka, ama mji wake uteketezwe. Ibrahim alilipa mithkali 1,500 za dhahabu. Mwaka uliofuata dhahabu hiyo ikafika Lisbon, na mfalme akamkabidhi sonara wake, Gil Vicente. Sonara alipokuwa bado kazini, Julai 1505, Francisco de Almeida alikuja Kilwa na kundi jingine la merikebu, akauteka mji, watu wake wakaupora, wakajenga ngome. Ngome yenyewe waliiacha mwaka 1512. Monstransi imebaki. Mfalme Manuel aliitaja katika wosia wake wa mwaka 1517 na kuiachia monasteri ya Belém, na leo inakaa katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, jijini humo humo Lisbon.

Darasani tunafundishwa kwamba Wareno waliipora Kilwa. Mara chache tunaambiwa kilichoporwa kilikwenda kukaa wapi, kikachukua umbo gani, na nani anakitazama leo. Mwanafunzi wa kidato cha pili wa Newala ana haki ya kuujua urefu wa chombo kile kwa sentimita, ndiyo maana nimekusumbua na futi kamba.

Kilwa yenyewe iko mbali na Masasi, kwa hiyo siku hiyo ipitie kwa fikra. Lakini usiipite haraka. Dhahabu ile haikuchimbwa kisiwani. Ilitoka bara, kwenye nyanda za Zimbabwe, ikapitia Sofala, na Kilwa ikatajirika kwa kuushika mlango wa biashara hiyo. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, alipiga sarafu zenye jina lake, nyingine za dhahabu, na akajenga kasri la Husuni Kubwa. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na akausifu mji. Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza karibu karne ya 11, ulikuwa tayari na makuba na dari za matao ya matumbawe na chokaa wakati mahali pa monasteri ya Jerónimos palipokuwa na kikanisa tu cha mabaharia. Da Gama na watu wake walikesha katika kikanisa hicho usiku wa kuamkia safari yao ya mwaka 1497. Kwa hiyo mtu wa pwani ya kusini asimame mbele ya picha ya Jerónimos kama mwenyeji wa matao. Babu zake walikwisha kuyajenga, na kwa mawe waliyoyatoa baharini.

Sasa tupande basi. Ukiwa kwenye kiti chako, kabla halijajaa, shughulikia swali la fedha: monasteri kubwa namna ile ilijengwa kwa fedha za nani? Chukua hati ya malipo ya korosho ya msimu uliopita, ile ya chama cha msingi, na usome mstari mmoja mmoja wa makato. Mfalme Manuel naye alikuwa na mstari wake. Alitenga sehemu moja ya ishirini ya mapato ya biashara ya Afrika na ya Mashariki, pilipili manga ikiwa mbele, na kuielekeza kwenye ujenzi. Mkulima aliyewahi kuuliza makato yake yanakwenda wapi ataielewa Jerónimos upesi kuliko mtalii mwenye kitabu cha picha. Tofauti ni kwamba pilipili ile ilitoka India, dhahabu ilitoka kwetu, na waliokatwa hawakuwa na mkutano mkuu wa kuulizia.

Basi likianza kuondoka, Masasi itakuonyesha milima yake ya mawe, Mtandi na wenzake, migongo inayochomoka ardhini bila kuomba ruhusa. Itumie kujipimia. Jerónimos ilijengwa kwa jiwe jingine, jiwe la chokaa la maeneo ya Lisbon liitwalo lioz, jeupe, gumu, ila linakubali kuchongwa hadi likatoa kamba, majani na vidole vya binadamu. Mwashi mkuu wa kwanza alikuwa Diogo Boitaca. Mwaka 1517 kazi ilipita kwa João de Castilho, na yeye ndiye aliyefanya jambo ambalo wajenzi hadi leo hulitazama wakanyamaza: aliezeka kanisa zima kwa dari la mawe lililofika mita 25 hivi kutoka sakafuni, juu ya nguzo chache nyembamba za pembe nane. Mbavu za mawe huanzia kwenye nguzo na kutawanyika darini hadi zikakutana na mbavu za nguzo nyingine, na uzito wote hushuka kwa njia hizo. Tetemeko kubwa la tarehe 1 Novemba 1755 liliuangusha mji wa Lisbon. Dari hilo lilisimama.

Watu husema Jerónimos ni jengo la Renesansi, na maneno hayo yanahitaji kufafanuliwa. Renesansi ni zama ambamo mafundi na wasomi wa Ulaya, kwanza Italia kisha kwingine, walirudi kuyasoma majengo na sanamu za Ugiriki na Roma: tao la nusu duara, nguzo zenye vipimo maalumu, sura ya mtu iliyochongwa ikafanana na mtu mwenyewe. Jerónimos ilianza kabla zama hizo hazijatua vizuri Ureno. Mbavu za dari ni za mtindo wa zamani wa Kigothiki. Mapambo juu yake ni ya mabaharia: kamba zenye mafundo, na ule mpira wa duara za chuma uliokuwa nembo ya Manuel. Kisha, kwenye lango la magharibi, fundi Mfaransa Nicolas Chantereine akamchonga mfalme na malkia wakiwa wamepiga magoti, wenye nyuso za watu wanaojulikana, na hapo Renesansi ikabisha hodi. Mwishoni, miaka ya 1571 na 1572, sehemu ya altare ilijengwa upya na Jerónimo de Ruão, mistari imenyooka, mapambo yamepungua, kila nguzo imekaa kwa kipimo cha Kirumi. Katika jengo moja unapita zama mbili kwa kutembea kutoka mlangoni hadi altareni. Hilo ndilo linalonifanya nilipende kuliko Escorial ya Hispania, ambayo Mfalme Filipo wa Pili aliijenga kati ya 1563 na 1584 na kuwapa watawa wale wale wa Mtakatifu Yeronimo waliopewa Jerónimos. Escorial ni kubwa na ina nidhamu, lakini ilizaliwa ikiwa na neno moja tu la kusema.

Filipo huyo, nakumbusha, alikuja kuwa mfalme wa Ureno pia, na ni katika utawala wake ndipo Fort Jesus ya Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Msomaji mwenye shemeji Mombasa ana njia ya mkato ya kuigusa Renesansi kwa mkono.

Kwenye habari ya uchongaji, mwongozo wangu ni kumtafuta mchongaji wa Kimakonde. Umwombe akuonyeshe kinyago cha ujamaa, gogo moja la mpingo ambamo watu wamepandana, mmoja amembeba mwenzake, hadi juu, bila kiungo hata kimoja. Mtazame mkono wake unavyotafuta mtu ndani ya gogo. Kisha rudi kwenye picha za ua wa ndani wa Jerónimos. Ua huo una ghorofa mbili za baraza zenye matao, kila upande takriban mita 55, na hakuna nguzo iliyoachwa tupu: kila moja imefunikwa kwa majani, nyuso, wanyama na mafundo. Waliochonga pale walikuwa mafundi wa kulipwa, na majina ya wengi wao hakuna anayeyataja. Mchongaji wa Kimakonde atakuambia mahali fundi alipofuata jiwe na mahali alipolilazimisha, jambo ambalo kitabu cha watalii hakiwezi.

Sehemu ya altare ina makaburi ya Manuel, mkewe Maria, mwanawe João wa Tatu na Katarina mke wa João. Kila jeneza la mawe limebebwa na tembo wawili wa mawe. Hapa simama kidogo, hata kama basi linaendelea. Kwa karne nyingi pembe za ndovu zilishuka kutoka bara hadi Kilwa, na katika nyakati zilizofuata misafara ya Wayao iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ilipita katika nchi hii hii unayoiona dirishani. Mfalme aliwataka tembo wambebe hadi kiyama. Waliobeba pembe begani hawakuchongwa na mtu.

Ukishuka Ndanda, kilomita kama 40 kutoka Masasi kwenye barabara ya kuelekea pwani, umefika kwenye monasteri halisi, yenye watawa walio hai. Salimia kwa salamu ya mahali. Ukimkuta bruda au sista getini, sema “Tumsifu Yesu Kristo,” naye atakujibu “Milele, amina.” Ukiwa Mwislamu, salamu yako ya kawaida inatosha, na shikamoo kwa mzee haijawahi kukataliwa Ndanda. Kisha omba maji. Usione haya. Jaza ile chupa.

Maji hayo ndiyo sababu ya abasia kuwa hapo. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaofyonza mvua yote. Inazama, inapita chini kwa chini, halafu inatokea tena miguuni mwa mteremko ikiwa chemchemi. Huko juu Newala watu wanakaa na kiu, huku chini Ndanda maji yanabubujika. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia karne ya 6, inaelekeza kwamba monasteri, ikiwezekana, ijengwe ikiwa na mahitaji yote ndani yake: maji, kinu, bustani na karakana. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia waliofika hapa mwaka 1906 walikuwa na kanuni hiyo mkononi, na walichagua kama mkulima mwenye akili angechagua. Leo abasia hutia maji yale kwenye chupa na kuyauza kwa jina la Ndanda Springs.

Linganisha sasa. Watawa wa Jerónimos walipewa kazi mbili: kuiombea roho ya mfalme, na kuwahudumia kiroho mabaharia waliokuwa wakiondoka. Walifanya hivyo hadi mwaka 1833, serikali ya Ureno ilipoivunja jumuiya yao, na jengo likageuzwa kuwa makao na shule ya watoto yatima. Ndanda haikuwa na mfalme wa kuombewa. Ilikuwa na wagonjwa. Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, alifika miaka ya 1920 na kuijenga hospitali ambayo leo ni ya Mtakatifu Benedikto, na akawahudumia wagonjwa wa ukoma wakati wengi waliwakimbia. Zikaja shule, kiwanda cha uchapaji, karakana za useremala na ufundi wa magari. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa mwaka 1938 na ambaye kaburi lake liko Lupaso katika wilaya hii, alisoma Ndanda kabla ya kwenda Kigonsera na Pugu. Mwaka 1931 Ndanda ilipewa hadhi ya abasia yenye eneo lake, abate akiliongoza kama askofu, na mwaka 1972 eneo hilo likawa Jimbo la Mtwara. Mtu akiniuliza ukuu wa monasteri hupimwaje, mimi nitamwonyesha mlango wa wagonjwa wa nje wa Ndanda saa moja asubuhi.

Lakini mwongozo wa kweli hauruki kurasa. Ndanda haikuzaliwa bila dola nyuma yake. Wabenediktini walikuja wakati wa utawala wa Wajerumani, na vituo vyao vya mwanzo upande huu vilikuwa Lukuledi, mwaka 1895, na Nyangao, mwaka uliofuata. Mwaka 1905 watu wa kusini walisimama dhidi ya utawala huo, dhidi ya kodi, viboko na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Askofu Cassian Spiss aliuawa Agosti mwaka huo akiwa njiani kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Nyangao na Lukuledi zikachomwa, na misheni ya Waanglikana ya Masasi pia. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vyakula, na maelfu kwa maelfu wakafa, wengi kwa njaa. Askofu Thomas Spreiter, aliyeshika nafasi ya Spiss, alianzisha Ndanda mwaka uliofuata, nchi ikiwa bado inazika watu wake. Mikono iliyofyatua matofali na kubeba mawe ya abasia ilikuwa ya watu hao waliobaki. Unapotembea uwanjani, majina yao hayako kwenye kibao, na ningependa yaandikwe yale yanayokumbukwa, kabla wazee hawajaisha.

Rudi Masasi. Pale chini ya Mtandi pita upesi, ila usipite bila kutazama. Askofu Edward Steere alifika mwaka 1876 akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja, wakikusudia kwenda hadi Ziwa Nyasa. Hapa wakatua. Steere ndiye aliyekuwa akijenga kanisa la Mkunazini kwenye soko la watumwa la Zanzibar, na dari lake ni tao moja refu la matumbawe na saruji, bila nguzo ya katikati. Mji wa Masasi wa Kikristo ulianzishwa na watu walioliona kanisa hilo likijengwa, na huenda wengine wao waliwahi kuuzwa mahali liliposimama.

Kisha panda Newala. Barabara ikianza kupinda utasikia upepo umebadilika. Nenda bomani kwanza, kwenye ngome ya Wajerumani, maana hapa Wareno walikuja wenyewe. Ureno iliingia katika vita dhidi ya Ujerumani mwaka 1916. Jeshi lake likavuka Ruvuma, likaishika Newala mwezi Oktoba, na kufikia mwisho wa Novemba lilikwisha kuzingirwa na kufukuzwa. Hawakuacha monasteri. Walioathirika ni wapagazi na wanakijiji waliochukuliwa chakula na pande zote, na mwaka uliofuata von Lettow-Vorbeck naye akapita hapa akielekea ng'ambo ya mto, akichukua kilichobaki.

Kutoka bomani nenda Shimo la Mungu. Uwanda unakatika ghafla, na chini unaona bonde la Ruvuma hadi Msumbiji. Kina mama wa Newala waliuteremka mteremko huu kwenda kuchota maji na kuupanda na ndoo kichwani, vizazi na vizazi, hadi miradi ya mabomba ya Makonde ilipoanza katika miaka ya 1950, na hata baada yake. Fungua chupa uliyoijaza Ndanda, unywe, ukijua ni maji yaleyale yaliyoanguka huku juu.

Hapo ndipo pa kumalizia ziara ya Lisbon, kwa sababu ng'ambo ya bonde, juu ya uwanda wa pili wa Wamakonde, iko Mueda. Tarehe 16 Juni 1960 wananchi walikusanyika Mueda mbele ya ofisi ya serikali ya Kireno kudai haki zao, na askari wakawafyatulia risasi. Mwaka huo huo wa 1960, huko Belém, hatua chache kutoka Jerónimos, serikali ya Ureno ilizindua mnara wa kuwatukuza mabaharia wake, da Gama akiwa miongoni mwao. Kaburi la da Gama lenyewe liko ndani ya monasteri, karibu na mlango. Mabaki yake yalipelekwa humo karne ya 19. Simama Shimo la Mungu uyaweke mambo hayo mawili pamoja, risasi na mnara, mwaka mmoja, dola moja. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kuja upande wetu, na Wamakonde wa upande wetu wakawapokea, hadi Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Miaka kumi baadaye, mwezi huohuo wa Juni, Ureno ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Ulaya katika ua ule ule wa Jerónimos wenye baraza za matao. Jengo lile bado linatumika kusema Ureno ni nani. Basi na sisi tuna la kusema ndani yake.

Kwa hiyo, hatua ya mwisho ni barua. Iandike ukiwa umekaa Newala, kwa Kiswahili, kwenda kwa makumbusho ya Museu Nacional de Arte Antiga, Lisbon. Omba mambo mawili. La kwanza, picha kubwa na safi za monstransi ya mwaka 1506, pamoja na maandishi ya kitakoni, zitakazobandikwa katika madarasa ya historia ya Mtwara na Lindi. La pili, nakala ya chombo hicho, ya ukubwa kamili wa sentimita 73, iwekwe Kilwa Kisiwani, eneo lililo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, ili mtu anayetoka kuutazama Msikiti Mkuu aone pia dhahabu ya bandari hiyo iligeuka nini. Nakala moja ya barua ipeleke kwa wahusika wa mambo ya kale hapa nchini, maana ombi la namna hii hupata nguvu likisukumwa na serikali. Sahihi zitafute shuleni, msikitini na parokiani. Kuhusu Kireno usihangaike: ukoo wa Kimakonde usiokuwa na mtu ng'ambo ya Ruvuma ni adimu, na yule ndugu yako aliyesoma Mueda au Pemba ya Msumbiji atakutafsiria kwa jioni moja.